Cheti Mkononi, Dalali Mlangoni

Safari ya kutoka Mombasa hadi Misikhu humchukua mtu usiku mzima na sehemu kubwa ya mchana. Hushuka Webuye, akashika barabara ya Kitale, akapita Lugulu, na punde akafika kwenye soko lililojipanga pande mbili za lami, mashamba ya miwa na mahindi yakiwa nyuma yake. Mimi nilikwenda huko kwa ajili ya udugu. Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, ameolewa huko, na alikuwa amejaliwa mtoto. Nilikwenda kumpa hongera, nikarudi na habari ambayo si haki kukaa nayo peke yangu, kwa kuwa inazigusa nyumba za Pwani kama inavyozigusa nyumba za Bungoma.

Habari yenyewe ni ya wifi yake mpwa wangu, dada wa mumewe. Jina lake si langu kulitangaza, basi tutosheke na kumwita kwa kazi yake: muuguzi. Alisoma miaka yake yote akapata diploma, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, akapewa leseni. Baba yake alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kiwanda hicho kiliposimama mwaka 2009, mzee alirudi nyumbani na ujuzi ambao kijijini haukuwa na mnunuzi. Ndiyo maana alisomesha. Alidhani kwamba mashine huweza kusimama, lakini wagonjwa hawaishi, na kwa hiyo muuguzi hawezi kukosa kazi.

Alikosea kwa namna ambayo wazazi wengi wa Kenya wamekosea. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kwetu sisi wajenzi wapo, na miti ipo, ila hakuna wa kuwakutanisha. Zahanati zina upungufu wa wauguzi na wauguzi hawana ajira, kwa sababu bajeti haiwaajiri, na walioajiriwa wengi wao wako katika mikataba ya muda mfupi. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, wakidai mapatano ya mishahara. Katika pengo hilo, baina ya mwenye ujuzi na kazi, ndipo anapoingia dalali.

Kwa binti huyu dalali hakuingia kama mgeni. Aliletwa na jirani anayeheshimika, aliyesema kwamba hospitali moja ya Arabuni inatafuta wauguzi, mshahara riyali 4,000 kwa mwezi, nyumba na usafiri juu ya mwajiri. Jirani alimpeleka kwa mtu mwenye afisi mjini Kitale. Mtu wa Kitale akampeleka kwa wakala wa Nairobi. Kila kituo kilikuwa na ada yake: ya kufungua faili, ya kupimwa afya, ya mafunzo, ya kuharakisha viza. Mzee alikodisha shamba lake la miwa kwa misimu mitatu, na mama akakopa katika chama chake cha akina mama. Jumla ilipita shilingi 150,000.

Kitu kimoja hakikufanyika. Muuguzi wa kigeni hawezi kuvaa sare ya hospitali za Ghuba kwa cheti cha kwao peke yake. Sharti vyeti vyake vihakikiwe moja kwa moja kutoka chuoni na kwenye baraza lililomsajili, kazi ambayo aghalabu hufanywa na kampuni ya DataFlow. Sharti pia apasi mtihani wa leseni wa nchi aendayo, ambao wauguzi wameuzoea kwa jina la Prometric. Binti aliuliza habari za mtihani huo. Akajibiwa: "Utaufanya ukifika."

Alipofika hakukuwa na mtihani. Alipokewa uwanjani, pasipoti yake ikachukuliwa "ili iwekwe salama," na kesho yake akapewa mkataba wa pili, umeandikwa kwa Kiarabu, kazi yake ikiwa ya kuhudumia nyumbani na mshahara riyali 1,200. Hospitali ilikuwa ni nyumba ya mzee mmoja mgonjwa. Alimwosha, akamlisha, akampa dawa kwa wakati na kumgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo. Mzee yule aliishi miaka miwili zaidi kwa sababu aliyekuwa kando ya kitanda chake alikuwa muuguzi. Lakini katika karatasi alikuwa mtumishi wa nyumbani, na alilipwa hivyo.

"Shangazi," aliniambia, "kazi sikuionea haya. Yule mzee nilimpenda. Kilichoniumiza ni kwamba kila mtu alifaidi ujuzi wangu isipokuwa mimi."

Nilimwomba anihesabie mikono aliyopitia. Akaanza kwa vidole: jirani, afisi ya Kitale, wakala wa Nairobi, wakala wa kule alikokwenda, kisha mwajiri. Mikono mitano. Nikamwuliza ni yupi kati yao aliyemdanganya. Alifikiri kwa muda. Jirani alisema alichoambiwa. Mtu wa Kitale alisema yeye ni mpelekaji tu. Wakala wa Nairobi alimwonyesha mkataba wa uuguzi, na hakika ulikuwa wa uuguzi. Wakala wa kule akasema yeye aliomba mtumishi wa nyumbani, naye ameletewa. Mwajiri alisema amelipa fedha nyingi kumpata mfanyakazi na ana haki ya kumtumia. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha maelezo, na palipotokea dhulma hapakuwa na mwenye kuijibia.

Hapo ndipo ilipo shida kubwa ya mlolongo wa madalali, nayo ni kubwa kuliko ada zenyewe. Kwa kawaida tunadhani kwamba anayeonewa ugenini ni yule asiyesoma, na kwamba mwenye diploma atajua kujitetea. Kisa hiki kinatuonyesha vinginevyo. Cheti hakikumkinga binti huyu, bali ndicho kilichowafanya wazazi wake wakubali kukopa fedha nyingi kuliko ambazo wangekopa kwa mtoto asiye na kisomo. Na deni ndilo lililomfanya auweke sahihi mkataba wa pili. Angekataa, angerudi Misikhu na nini? Mchuma janga hula na wa kwao, nao wa kwao walikuwa wamekwisha kukodisha shamba.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limezuka jana. Watu wa Mombasa wanajua kwamba reli ya kwenda ziwani, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo mafundi: waashi, maseremala, wahunzi, na hata makarani. Hawakuja wenyewe. Waliandikishwa kwa mikataba ya miaka mitatu, na miongoni mwa waliopata utajiri kwa kuwaleta watu hao na kuihudumia reli ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi ambaye jina lake liko hadi leo kwenye bustani ya Nairobi. Takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Kumtoa fundi kwao na kumfikisha kwenye kazi ya mbali ni biashara ya zamani, na swali lake ni lile lile la zamani: anayeleta watu anamtumikia nani?

Insafu yataka tuseme na upande wa pili. Si kila wakala ni mwovu, na kazi yenyewe si ya bure. Hospitali ya Riyadh au ya London haiwezi kumjua muuguzi wa Misikhu, wala muuguzi wa Misikhu hawezi kujua ni hospitali ipi inayoajiri, inataka mtihani gani na viza yake hupatikana vipi. Mwenye kuwakutanisha kwa uaminifu anastahili ujira wake. Wapo wauguzi wetu waliokwenda kwa njia hiyo, wakapata vyeo na kujenga nyumba za wazazi wao. Shida huanza pale tunapouliza ujira huo hutoka mfukoni mwa nani.

Anapolipa mfanyakazi, wakala hupata faida kwa kila anayeondoka, awe amepata kazi ya kweli au hakupata. Mali anayoiuza ni tumaini, na tumaini halina upungufu kijijini. Ndiyo maana Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, ingawa unaruhusu nchi kuweka vighairi. Uingereza ilikuwa imetangulia: sheria yake ya mawakala wa ajira ya mwaka 1973 inakataza kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Basi ukiambiwa kwamba kazi ya hospitali ya Uingereza inanunuliwa kwa laki kadhaa, jua kwamba umeshapata jibu.

Anapolipa mwajiri, mambo huwa bora, lakini hayawi salama yenyewe. Wapo waajiri na mawakala ambao huirudisha gharama hiyo ndani ya mkataba: ukiacha kazi kabla ya miaka kadhaa, utalipa faini. Wauguzi wa Ufilipino, taifa lenye uzoefu mrefu wa kupeleka wauguzi nje, walikutana na hilo New York. Zaidi ya 200 kati yao walishtaki kundi la kampuni zilizowapeleka kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mkataba uliwafunga kwa faini ya hadi dola 25,000 wakiondoka mapema, na mishahara iliyoahidiwa haikulipwa kama ilivyoandikwa. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba kifungo hicho cha faini hakitekelezeki, na kwamba kuwatisha wauguzi kwacho kulivunja sheria ya kupinga biashara ya binadamu. Hawa walikuwa watu wa Kiingereza fasaha, wenye leseni halali za Marekani. Kisomo hakikuwazuia kufungwa. Waliokolewa na mkataba ulioandikwa, ushahidi uliohifadhiwa, na umoja wao.

Njia ya tatu ni serikali kuwa yenyewe mpatanishi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wahudumu wa afya. Novemba mwaka huo Uingereza iliiweka Kenya katika orodha ambayo kwayo wauguzi wetu huajiriwa kwa masharti ya mapatano hayo tu, bila ya kila wakala kujichukulia. Juni 2022 kundi la kwanza la wauguzi 19 liliondoka kwenda Oxford. Kumi na tisa! Tulitangaziwa maelfu. Sababu mojawapo ilisemwa hadharani mwaka huo na aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliopasi. Njia ya serikali ilikuwa nyembamba na ya polepole, lakini ilikuwa na fadhila moja, kwamba ilisema ukweli juu ya mtihani kabla ya ndege kuruka. Binti wa Misikhu angeambiwa ukweli huo, angekaa nyumbani akasoma.

Hata hivyo, neno la serikali nalo laweza kugeuzwa bidhaa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mapatano ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi. Siku hiyo hiyo ikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: mapatano hayana idadi yoyote. Ukweli ni kwamba muuguzi atakaye kusajiliwa Ujerumani hutakiwa kukijua Kijerumani kwa kiwango ambacho hakipatikani bila miezi mingi ya darasa. Lakini uvumi hauhitaji darasa. Penye uvumi wa namna hiyo, mwenye afisi ya chumba kimoja hapati shida ya kupata wateja.

Sheria zetu si kwamba hazipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina sehemu nzima kuhusu mikataba ya kazi za nje. Inataka mkataba uandikwe kwa namna iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote, kisha ushuhudiwe na afisa wa leba, ambaye kabla ya kuupitisha anatakiwa aridhike kwamba mfanyakazi ameridhia kwa hiari yake, hakulazimishwa wala hakuhadaiwa. Mwenye kumshawishi mtu kwenda kufanya kazi nje bila mkataba wa namna hiyo ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala 930. Mwaka 2016 ikaundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, nayo huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa, ambayo kila mtu anaweza kuitazama.

Nilimwuliza binti kama mkataba wake ulipita mbele ya afisa wa leba. Alisema wakala alimwambia kwamba hilo limeshughulikiwa. Nikamwuliza kama ana nakala ya mkataba wa kwanza, ule wa uuguzi. Hana. Uliachwa Nairobi. Risiti? Fedha zilipokelewa mkononi, nyingine zikatumwa kwa simu kwa namba za watu watatu tofauti.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi, wasomaji wa jarida hili, hatuna udhuru wa kutolijua hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba tunapouza mbuzi tunaandikiana, na tunapomtoa mtoto wetu kwenda nchi ya watu tunatosheka na neno la jirani, tukiona kuwa kumtaka karatasi ni kumvunjia heshima. Heshima ya jirani haipungui kwa kuandikiana. Hupungua pale mtoto anaporudi na mkoba mtupu, na watu wawili waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi wakawa hawatazamani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wakala akifika mlangoni kwako, awe amekuja na jirani au na shemeji, yako maswali machache ambayo hayamvunjii mtu heshima. Kwanza, nani anakulipa, na ukishampeleka mwanangu asipopata kazi iliyotajwa, wewe unapoteza nini? Pili, jina la mwajiri ni lipi, na kazi iliyoandikwa kwenye viza ni ipi? Viza ikisema mtumishi wa nyumbani, usikubali kuambiwa kwamba ni utaratibu tu. Tatu, kwa mwenye taaluma, mtihani wa leseni utafanywa lini? Jibu likiwa "ukifika," safari hiyo si ya taaluma yake. Nne, mkataba utashuhudiwa katika afisi gani ya leba, siku gani, na mwenyewe akiwepo? Nakala moja ya mkataba na ya pasipoti ibaki nyumbani, kwa mama au kwa baba, si kwa wakala. Na fedha zote zilipwe kwa jina la kampuni iliyosajiliwa, kwa risiti.

Binti sasa yuko nyumbani. Aliporudi alikuta leseni yake imekwisha muda, akaifufua, na anafanya kazi katika zahanati ndogo ya mtu binafsi kwa mshahara usiofikia alioahidiwa hata robo yake. Deni la chama limelipwa. Shamba litarudi msimu ujao. Anajisomea mtihani ule aliokosa kuufanya, usiku, watoto wakishalala, na safari hii amejiandikisha mwenyewe.

Siku moja kabla sijaondoka, mdogo wake, fundi wa umeme, alikuja na ujumbe kwenye simu: Ujerumani, mafundi wanatakiwa haraka, ada ya usajili shilingi 15,000. Alimwonyesha baba. Miaka michache nyuma mzee angeanza kuhesabu ng'ombe. Safari hii alimpa dada yake simu, naye akausoma ujumbe mara mbili, akauliza jina la kampuni. Halikuwemo. Akauliza jina la mwajiri. Nalo halikuwemo.

Mzee akasema, "Basi kesho nenda Bungoma, ukaulize kwa wenye orodha. Ukirudi na jina, tutaketi tuzungumze."

Kijana aliondoka asubuhi kwa matatu. Mimi nami nilikuwa na safari yangu ya Pwani, na tuliagana pale barabarani.